Taya la Guga

Lochmaddy, Uist ya Kaskazini
Jumamosi, 14 Machi 1998
Asubuhi: upepo wa kusini-magharibi, manyunyu, nyuzi sita.

Shangazi Ishbel,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa Dolina jirani yangu, anayetaka kujua kama bado unavuta kiko chako nyuma ya banda kama mtoto wa shule. Natumaini goti limekuacha ulale.

Mimi ni mzima. Paa limevuja palepale pa mwaka jana, nimeweka ndoo. Jiwe la Mama lilisimikwa tarehe 24 ya mwezi uliopita, mwaka mmoja na siku nne tangu tumzike. Jina wameliandika sawasawa, ila herufi ni ndogo kuliko tulivyokubaliana. Tulikuwa watu sita. Chai tulikunywa kwa Dolina kwa sababu kwangu viti ni viwili.

Sasa kuhusu Guga. Ulipomtuma kwenye feri kabla ya mwaka mpya, mweupe, manyoya yamesimama, Dolina ndiye aliyempa jina, akisema anafanana na kifaranga cha guga, yule ndege wa baharini tunayemla, kabla hakijatiwa chumvi. Ni mbwa mzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani mtu anaweza kufurahi kwa sababu tu umeingia mlangoni.

Siku kumi na mbili zilizopita alipiga mwayo akalia. Hakulia kama mbwa aliyekanyagwa. Alilia kama mtu aliyeguswa jino bovu, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuumiza. Nanakili kutoka daftari langu:

Machi 2. Kilio wakati wa mwayo.
Machi 4. Ameacha kutafuna, mfupa anaulamba tu.
Machi 7. Joto la mwili 40.3. Udenda. Hataki shavu liguswe.
Machi 9. Joto limeshuka, amekula.
Machi 12. Joto limepanda tena. Hajala siku nzima.

Jana nilimpeleka kwa Daktari Tolmie. Alimpa dawa ya usingizi, akampiga picha ya eksirei, akaibandika kwenye mwanga nione. Taya la chini, ambalo lilipaswa kuwa jembamba kama penseli, limefura pande zote mbili kama tangawizi.

“Unaona?” akasema. “Mfupa unajenga juu ya mfupa. Hauna akili.”

“Utaacha lini?”

“Akimaliza kukua. Mwaka mmoja, labda na mwezi juu. Wengine wanapona na mdomo unafunguka. Wengine mfupa unafika kwenye bawaba ya taya, mdomo unafungika kama sanduku. Lakini huyo atakayepona na huyo asiyepona, wote wawili kutoka leo mpaka siku hiyo wanaumia. Hicho ndicho tutakachotibu, Murdina. Mfupa wenyewe hatuna dawa yake.”

Ana miezi mitano tu, Shangazi. Ni miezi saba au minane ya dawa, na kila dawa ina bei yake mwilini.

Daktari anasema ugonjwa huu ni wa ukoo, unawapenda hasa hawa weupe wetu, na mtoto hawezi kuupata ila umtoke mama na umtoke baba. Akaniuliza kama kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi katika mbwa wako. Akijua huyo alitumia dawa gani na ilimfanyia nini baadaye, atachagua vizuri zaidi kwa Guga. Nilimwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Mtoto wa kaka yako,
Murdina


Karibu na Kilmartin, Argyll
2 Aprili

Mwanangu Murdina,

Barua yako ilikaa dukani siku tisa kwa sababu mtoa barua mpya anawaogopa mbwa, au ananiogopa mimi. Usinipigie simu hata kama ni haraka. Siku hizi kwenye simu nasikia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

Mwambie Dolina kiko navutia sebuleni, mwenye kunikataza hayupo tena.

Huku mvua. Kondoo wameanza kuzaa. Morven, mama yake Guga, ana mimba tena, atajifungua katikati ya Mei. Jiwe la mama yako nimesikia. Ningekuja, lakini goti na feri havipatani.

Kuhusu huyo mtoto. Ni kukua tu na meno. Mpe uji mwembamba wa shayiri, usiwe moto, kwenye sahani pana isiyo na kina, na uiinue ifike kifuani pake asiinamishe kichwa. Kitambaa cha sufu chenye joto mwekee mashavuni kabla ya chakula, si baada. Usimfungue mdomo kwa mbele hata siku moja. Kidonge kitie kwenye siagi, vuta kona ya mdomo kwa pembeni, kiteleze ndani, umwache. Homa huondoka naye hukimbia kama mzima, utafikiri yamekwisha. Usidanganyike. Hurudi kama siku ya kumi tangu kilio cha kwanza, na hiyo ya pili ndiyo mbaya. Kuanzia hapo zitakuwa zinapungua.

Nimekuwekea vidonge kwenye kopo la chai, vilinibakia. Nusu asubuhi, nusu jioni, na chakula.

Kula na wewe. Katika picha uliyonitumia, uliyopigwa penye jiwe, umekuwa mwembamba.

Shangazi yako,
Ishbel


Lochmaddy
Jumatatu, 20 Aprili 1998
Asubuhi: kavu, baridi, upepo wa kaskazini. Nimeona jua dakika ishirini.

Shangazi,

Kopo limefika, asante. Nimeliweka juu ya kabati. Dolina anakusalimu. Naye Tolmie anakusalimu, ingawa hakujui.

Nakula. Nimepika viazi na samaki wa chumvi siku nne mfululizo, kwa sababu ukimpikia mtu mmoja chungu hakiishi.

Daktari alinikalisha mezani kwake Alhamisi kwa saa nzima. Naandika alivyonieleza, nawe uniambie uonavyo.

Dawa ya kwanza ni ya maumivu na uvimbe, ya kila siku. Inafanya kazi vizuri na mbwa anabaki mchangamfu. Lakini kwa miezi mingi inaweza kulichubua tumbo na kuzichosha figo, kwa hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara, na damu yetu inakwenda bara kwa feri.

Dawa nyingine ni steroidi. Hiyo inashusha homa upesi kuliko zote. Ikitumika muda mrefu mbwa ana kiu, ana njaa, ananenepa, ngozi inakuwa nyepesi, na haiwezi kukatwa ghafla kwa sababu mwili unakuwa umesahau kujitengenezea ya kwake. Tolmie anaiamini zaidi kidogo kuliko ile, kwa dozi ndogo kabisa, siku moja kutoa na siku moja kuacha.

Ipo na ile ya jamii ya mofini kwa siku mbaya. Hiyo nilimwambia sitaki kuiona nyumbani kwangu. Hakuniuliza kwa nini.

Na ipo njia ambayo hakuitaja. Alilitazama tu kabati lake lenye kufuli, nami nikatazama dirisha.

Tumeanza na steroidi. Siku ya kwanza, saa tano baada ya kidonge, alimaliza sahani nzima ya uji, akakojoa mara sita. Dolina alinikuta nimempigia Guga magoti na kitambaa cha moto.

“Mbwa wako anatunzwa kuliko mume wangu,” akasema.

“Mume wako haumwi taya.”

“Angeumwa taya ningepumzika kidogo.”

Alicheka peke yake mpaka akakaa. Ni mara ya kwanza mtu kucheka jikoni hapa tangu sijui lini. Kicheko kingekuwemo daftarini kama kingetokea karibuni.

Shangazi, ushauri wako wote umenifaa. Homa iliondoka kama ulivyosema, ikarudi siku ya kumi kama ulivyosema, na ya pili ilikuwa mbaya kama ulivyosema. Tolmie ana miaka thelathini kazini, ugonjwa huu ameuona mara mbili tu, na hilo la siku ya kumi hakulijua. Aliandika.

Jibu la swali langu sikuliona. Huenda kulikuwa na ukurasa wa pili ambao haukuingia kwenye bahasha.

Murdina


Kadi
Kilmartin, 18 Mei

Murdina,

Morven amejifungua Alhamisi, watano, wote weupe na wote wananyonya. Yeye amechoka. Anakunywa maji mengi, lakini ni maziwa hayo.

Nimefikiri juu ya Guga. Kama mateso ni mengi, mwachie daktari amalize. Usijisumbue na madawa ya miezi. Nitakutumia mwingine kati ya hawa, uchague.

Hakukuwa na ukurasa wa pili.

Ishbel


Lochmaddy
Jumatatu, 15 Juni 1998
Asubuhi: shwari, ukungu mpaka saa tatu, kisha joto.

Shangazi,

Salamu. Udongo wa kinamasi tunaouchoma kama kuni umekatwa na unakauka. Dolina ana mjukuu wa tatu. Paa limezibwa.

Sikukujibu wiki nne. Kwanza ni kwa sababu nilikasirika, kwa lile neno lako la “uchague”. Baadaye ni kwa sababu ya aibu.

Wiki ile kadi yako ilipofika, dhoruba ilizuia feri kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Vidonge vya Guga vilikuwa humo. Cha mwisho nilimpa Alhamisi, na kingine kilikuwa cha Jumamosi. Tolmie alishaniambia vikipungua nigonge kwake, ana akiba kidogo. Jumamosi nilijiambia feri itafika jioni. Haikufika.

Jumapili tarehe 24 Guga aliamka analia. Hakuhitaji kupiga mwayo, alilia kwa kumeza mate tu. Joto 40.6. Nyumba ya Tolmie ni ya nne kutoka kanisani. Ningetembea dakika kumi na moja.

Wewe umeondoka hapa siku nyingi, lakini hujasahau Sabato ya kwetu ya Jumapili. Bembea za watoto bado zinafungwa kamba Jumamosi usiku. Hakuna anayeanika nguo, hakuna anayegonga mlango wa mtu kwa shughuli. Mimi sina hakika kama bado naamini, lakini miguu yangu inaamini. Nilivaa koti mara mbili, nikalivua mara mbili. Kisha nikashusha lile kopo lako la chai. Nusu asubuhi, nusu jioni, na kwa kuwa hakutulia, nusu nyingine katikati.

Jumatatu alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

Tolmie alimtazama fizi mara moja tu, akaniuliza, “Umempa nini?”

Nilimpa kichupa kilichokuwa ndani ya kopo lako. Akasema ni ya jamii ya ile dawa ya kwanza, na hiyo na steroidi hazikai tumbo moja. Ukitaka kutoka kwenye hii kwenda kwenye ile unangoja siku kadhaa, la sivyo zinalitoboa. Akakigeuza kusoma karatasi yake. Shangazi, mimi nasoma kila kitu, hata maneno ya kwenye gunia la chumvi, lakini hiyo sikuisoma kwa sababu ilitoka kwako.

“Morven ni nani?” akauliza. “Imeandikwa Morven. Taya. Mwaka 1994.”

“Mama yake,” nikasema.

Akamtundikia Guga dripu. Kisha akasema, “Na jana mimi nilikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Nilikuwa nyumbani nimekaa kwenye kiti natazama maji. Mchungaji mwenyewe alinitoa kitini Sabato ya mwaka juzi ng'ombe wake aliposhindwa kuzaa, na alishika tochi. Wewe nani amekwambia wewe ni mtakatifu kuliko mchungaji?”

Jibu lipo, nami nitakuandikia wewe kwa kuwa sijamwambia mtu. Mama alifariki Jumatatu, unalijua hilo. Jumapili yake, saa saba mchana, maumivu yalimzidi. Dozi ya mofini ilikuwa kila saa nne kwa saa ya ukutani, na ilikuwa bado saa mbili na nusu. Nilitaka kumpigia daktari wake. Mama akasema, “Usimtoe mtu nyumbani Sabato, watasemaje?” Nikamtii. Nilikaa nikatazama saa. Mchana ule, jioni ile, usiku ule, kila dozi nilimpa kwa wakati wake, wala dakika moja haikuwahi. Zote zimo daftarini. Daktari alipokuja asubuhi alisema angekuja saa yoyote, na dozi ingeongezwa.

Kwa hiyo hii ni mara yangu ya pili.

Guga yu hai. Alilala kwa Tolmie siku sita. Vidonge nilimpa mimi, kwa hilo sikudai chochote. Nataka kujua tu: Morven alivitumia muda gani, na yukoje sasa? Tunatakiwa tuchague upya dawa ya miezi mitano iliyobaki, na tumbo lake haliwezi kosa jingine. Tolmie anasubiri jibu lako kabla hajaandika. Sitauliza mara ya nne.

Murdina


Kilmartin
3 Julai

Murdina,

Nyasi zimekatwa. Goti ni lilelile. Habari nyingine za kutanguliza sina.

Ndiyo. Morven aliugua taya akiwa na miezi minne.

Kabla yake walikuwa saba, katika miaka ishirini na tatu. Mume wangu Dugald aliwapeleka mtoni na ndoo, na alipoanza kuumwa mgongo niliwapeleka mimi. Kwenye kitabu cha uzao tuliandika “amekufa akiota meno.” Kila mfugaji wa mbwa hawa ana mistari hiyo kitabuni kwake. Tukikutana kwenye maonyesho tunaulizana, “Meno mwaka huu yamewasumbua?” “Kidogo, mmoja.” “Pole.” Tunaelewana, tunakunywa chai, tunakopeshana madume. Anayesema neno lenyewe hauzi mtoto tena.

Morven naye alikuwa wa mtoni. Nilishika ndoo. Lakini Dugald alikuwa na wiki tatu kaburini, na ndani hakukuwa na sauti nyingine zaidi ya kilio cha yule mbwa. Nikaiweka ndoo chini.

Nilimpa vile vidonge kila siku kwa miezi tisa. Nilivipata kwa daktari wa mbali, Oban, ambaye hakunijua, na sikurudi kupima damu kwa sababu angeuliza habari za ndugu zake. Maumivu yaliisha akiwa na miezi kumi na tatu. Mdomo ulibaki unafunguka. Akawa mbwa mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao, nami nikamzalisha, nikijua. Nikakupa wewe mtoto wake bora, nikijua. Nilisali asiwe yeye. Hiyo ndiyo hatua yote niliyochukua.

Yale maji aliyokuwa anakunywa hayakuwa maziwa. Daktari wa hapa alisema ana figo za mbwa wa miaka kumi na minne. Alikuwa na minne. Akaniuliza kama aliwahi kutumia dawa yoyote kwa muda mrefu, nikachelewa kujibu, naye akaweka kalamu chini akanitazama. Hawezi kuapa kwamba ni vidonge. Mimi naweza.

Alilazwa usingizi wa mwisho Jumanne. Nilimshika mimi.

Mwambie Tolmie wako asiiguse dawa ile kwa miezi, au kama hana budi apime damu kila mwezi. Nakutumia na kitabu cha uzao, amwonyeshe yeyote anayetaka. Nimewaandikia watu kumi na mmoja walionunua kwangu. Wamejibu wawili, mmoja kwa matusi ya haki kabisa. Hawa watano hawaendi popote mpaka wapite miezi minane.

Kuhusu mama yako. Ungenipigia mimi, ningempigia daktari wenu kutoka huku, na hakuna ambaye angejua. Lakini tangu lini mimi na wewe tunapigiana simu.

Ishbel


Lochmaddy
Jumamosi, 7 Novemba 1998
Asubuhi: upepo wa magharibi, mvua ya mawe saa mbili, kisha kweupe. Nyuzi nne.

Shangazi yangu,

Salamu kutoka kwangu, na kutoka kwa Dolina, aliyejifunza kuvuta kiko makusudi ili akucheke vizuri, akaugua siku mbili. Kitabu chako cha uzao Tolmie amekinakili na kukirudisha, nimekifunga pamoja na barua hii.

Barua yako ya Septemba niliisoma kwa kusimama. Kwamba mmoja wa wale watano ameanza kulia, na kwamba hukutafuta ndoo, ulimpeleka kwa daktari wa hapohapo mchana kweupe. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia dozi tulizotumia sisi, wiki kwa wiki, pamoja na joto la mwili na chakula. Mwonyeshe daktari wako, na usiifuate bila yeye, huyo wa kwako ni mzito zaidi.

Hujaniuliza tulichagua nini, nadhani uliogopa. Barua yako ya Julai ndiyo iliyoamua. Tolmie aliisoma mara mbili, akasema, “Huyu mama amenifundisha kitu ambacho sikukipata chuoni,” akaifuta ile dawa ya kwanza kwenye karatasi. Tukarudi kwenye steroidi, robo ya dozi ya awali, siku moja kutoa na siku moja kuacha, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Alinenepa. Alikojoa zulia lote. Manyoya ya mgongoni yalipungua nikaona ngozi. Lakini alikuwa anakula.

Ile ya jamii ya mofini aliniwekea mezani tena. “Kwa siku mbaya,” akasema. “Nikikuandikia kila saa nane utanitazamia saa?”

“Nitatazama.”

“Basi siandiki saa. Naandika: akiumia.”

Nilikwenda nayo nyumbani. Siku nne haikuguswa. Siku ya tano ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Agosti. Alianza kulia nikiwa navaa viatu. Nilimpa, ikamtuliza nusu, kisha akatapika. Sikujua kama nimpe nyingine. Nikamvingirisha kwenye shali nikatoka, na kanisa ndiyo lilikuwa linatoka. Watu wote wa ghuba hii walikuwa barabarani na vitabu vyao.

Dolina alinisogelea. “Unakwenda wapi na huyo mbwa leo?”

“Kwa Tolmie.”

“Wanakutazama.”

“Wakinipisha wakati wananitazama itanisaidia.”

Alitembea nami mpaka mlangoni. Hakusema neno, na kwa Dolina hilo ni jambo la kuandikwa. Tolmie alifungua na kitambaa cha mezani bado kifuani, akatupokea, akasema viazi ni vya jana lakini vingi. Guga alichomwa sindano saa saba na dakika tano. Nilikaa kwenye kiti kile chake cha kutazama maji. Nilimfikiria Mama. Sitakuambia kwamba nilijisamehe. Nilikuwa tu mahali ambapo ningepaswa kuwa siku ile yake.

Tangu hapo siku mbaya zimekuwa tatu, zote katika Septemba. Jumatano iliyopita alipigwa picha mpya. Mfupa umetulia. Umebaki mnene na haurudi tena kuwa penseli, na mdomo unafunguka upana wa vidole vyangu viwili, basi. Atakula vilaini maisha yake yote na hatabeba fimbo wala mpira. Damu yake imerudi kutoka bara, na figo ni nzima.

Steroidi tumekuwa tukiipunguza wiki sita. Leo ilikuwa zamu ya kidonge, na leo hakuna. Tolmie anasema tutajua kwa siku mbili tatu. Kama maumivu yalikuwa yamefichwa na dawa tu, yatatokea, na tutarudi kwenye kuchagua. Nimekaa naye jikoni tangu alfajiri na daftari. Naandika hapa yaliyomo, ili nawe uwe unamtazama.

Saa moja. Uji, sahani nzima, polepole.
Saa tatu na robo. Amejikuna shavu kwa mguu. Nimesimama. Hakulia.
Saa tano. Joto 38.6.
Saa sita na nusu. Samaki aliyepondwa na viazi. Amebakiza viazi, kama siku zote.
Saa saba na dakika hamsini. Amepiga mwayo. Alifika kwenye upana wake wa vidole viwili, akakwama hapo, akafunga. Akanitazama. Nilingoja kilio. Alijilamba pua.
Saa nane na dakika kumi. Amelala.

Nilitaka kumtazama mpaka aamke, niandike na saa hiyo. Hilo limenishinda. Moto ulikuwa umefifia nilipofungua macho, kalamu iko sakafuni, na yeye bado analala. Kwa hiyo saa niliyolala mimi siijui sawasawa. Nimeandika saa nane na nusu.

Murdina